Nililipa 2,800 nifunzwe Kizungu cha mtaani, haya ndo yaliyonikuta

Mi nafanya risepsheni kwa hoteli moja huku Shanzu, Mombasa, na naishi Likoni, kwa hivyo siku yangu yaanza na feri kabla jua halijatoka. Kizungu nakijua, nilipata B kwa KCSE na insha zangu mwalimu alikuwa akizisoma mbele ya darasa. Lakini Kizungu cha insha na kile wageni wanachoongea wakishavua viatu ni vitu viwili mbalimbali wallahi. Siku yangu ya pili kazini mama mmoja wa Kiingereza kashuka kwa basi, jasho lamtiririka, akaegemea dawati langu akasema "I could murder a cup of tea". Mi niliposikia murder nikashtuka, hiyo tea nilikuja kuisikia baadaye sana. Kumbe ni mtu ana hamu na chai yake tu.

Basi ndo nikaanza kutafuta, nikaona tangazo la kozi ya wiki nane kwa WhatsApp, misemo 400 ya kila siku, shilingi 2,800, walipa kwa Mpesa waingizwa kwa grupu. Jina la wenyewe silitaji maana bado twadaiana, ntafika huko. Nimeimaliza mwezi uliopita.

Wiki ya kwanza nilitaka kulia. Walituma pidiefu, kurasa sitini na kitu, msemo upande huu Kiswahili upande ule, na hicho Kiswahili kimetafsiriwa na mashine, hakuna binadamu alokipitia. "Under the weather", yaani kutojisikia vizuri, wameandika chini ya hali ya hewa. "Hit the sack", yaani kwenda kulala, piga gunia. "Break a leg", vunja mguu, basi, imeishia hapo, hakuna hata neno moja la kueleza kwamba huambiwa mtu anayeenda jukwaani kumtakia heri. Sasa mtu akimwambia hivyo mgeni ambaye yuapanda boti kwenda kupiga mbizi? Na Kiswahili chenyewe kina misemo tele ya kuweka pale, wangemuuliza mpwani yeyote. "Spill the beans" haiko mbali na kumwaga mtama penye kuku wengi, mwanamume aki-"tie the knot" si ndo kapata jiko, na mtu "tight-fisted" ni huyo huyo mkono wa birika. Hawakuuliza.

Halafu ikaja "raining cats and dogs", yaani mvua kubwa, voisi noti ya dakika nne nzima, mwalimu yuaeleza ati zamani Uingereza paka na mbwa walikuwa wakilala juu ya mapaa ya nyasi, mvua ikipiga wateleza waanguka. Hiyo hadithi ilizunguka sana kwa imeili za kufowadiwa tangu mwaka 1999 huko na wachunguzi wa maneno walishaikataa, lakini mi hata sikuhitaji mtaalamu, nimezaliwa kwa nyumba ya makuti. Paka hulala juu ya makuti kweli, na mvua ya masika ikishika yeye ndo wa kwanza kuingia ndani na kukulalia mkekani, sijapata kuona hata siku moja paka kadondoka na mvua. Na kubwa kuliko hilo, tangu nianze kazi mvua zishapiga Shanzu mpaka lobi twaikausha kwa mataulo ya bwawani na sijasikia mgeni hata mmoja akisema cats and dogs. Waingereza nnaowasikia mimi wasema "it's chucking it down", ama "it's pouring" na maisha yaendelea. Huo "chucking" kwenye pidiefu haumo.

Lakini wiki ya tatu, haki yao niwape. Alikuja mwalimu mwingine, dada mmoja, sauti yake tu wasikia huyu ashakaa na watu. Yeye hakuleta orodha, alileta mambo: Mzungu hukataa vipi bila kusema la, hukuaga vipi bila kukwambia nenda. Mfano "I'm good". Mi miaka yote nikisikia "I'm good" nadhani yuaniambia hajambo, kwa hivyo mgeni nikimuuliza aongezwe juisi akasema I'm good, mi namjazia glasi, yuaniangalia, naye kwa adabu aninywea. Kumbe yuasema ameridhika, asante, usinimiminie. Nikikumbuka wangapi nimewajaza natamani ardhi ipasuke.

Na hii nyingine ndo niliipenda zaidi, "I'll let you get on". Mgeni yuko dawatini mwaongea vizuri, mara asema I'll let you get on, mi nilikuwa nahisi kama nafukuzwa, ati niendelee na kazi nimemchosha. Dada akaeleza kwamba ni yeye ataka kwenda lakini yuaifanya ionekane ni kwa faida yako. Nikacheka peke yangu kwa matatu, maana hiyo ni "haya bwana nisikukawize", hiyo hiyo, ambayo mamangu huisema mlangoni kisha akasimama nusu saa nyingine. Tofauti ni kwamba Mwingereza akishasema yuaenda kweli.

Somo lake la "You alright?" pia lilinisaidia. Mwingereza akikutupia hiyo akipita ni salamu tu, wajibu "alright" ama "yeah, you?" mwishoe. Sisi huku salamu ndo mazungumzo yenyewe, habari za nyumbani, watoto, mzee apoa goti? Nilikuwa nasimama naeleza mafua yangu kwa urefu, mtu kashika taulo miguu yachuruzika maji yuanisubiri nimalize.

Sasa wiki ya nne, hapa ndo nilipoungua. Walitufunza "half seven" ni saa moja unusu, yaani 7:30, kwa vile Waingereza hulimeza neno past. Na ni kweli, sio uongo. Kesho yake jioni mgeni wa Kijerumani, yuaongea Kizungu safi kunishinda, akaja kuagiza teksi ya eapoti asubuhi, half seven. Mi na elimu yangu mpya nikaandika 7:30 kwa kitabu, na kalamu nikaizungusha mara mbili. Kumbe Mjerumani kwao "halb sieben" ni nusu ya kuiendea saba, yaani 6:30, na wengine wakiongea Kizungu huibeba vile vile. Saa kumi na mbili unusu alfajiri mzee yuko lobi na mkewe na masanduku matatu, dereva yuko Mtwapa ndo kwanza ameletewa mahamri na mbaazi. Na eapoti iko ng'ambo ile kule Port Reitz, uvuke Nyali Bridge, uingie kisiwani, utokee Makupa na malori ya bandarini yakusubiri. Hebu nifikirie mimi hapo, kichwani nina saa ya Kiswahili iliyopishana na wote masaa sita, kwa daftari nina saa ya Mwingereza, mbele yangu nina saa ya Mjerumani na yuapumua kwa pua. Ndege waliipata alhamdulillahi. Meneja naye alinipata mimi. Tangu siku hiyo sikubali half ya mtu yeyote, naandika tarakimu kwa karatasi namwonyesha, yes ama no.

Nilimpelekea mwalimu kisa hicho kwa grupu akanijibu na emoji ya kucheka. Si kosa lake kusema kweli, lakini angalau angewaambia wengine, watu kwa grupu ile wengi ni wa mahoteli.

Aliyenisaidia bure ni ami yangu, ambaye ametembeza wageni Fort Jesus na mitaa ya Old Town tangu mi sijazaliwa. Nilienda kumpa hiyo stori ya Mjerumani tukanywa kahawa tungu pale barazani, akacheka weee, kisha akaniuliza, "Na wewe mwanangu, mgeni wamwambiaje ukitaka kumbipu teksi ikifika?" Nikasema namwambia "I'll flash you". Akashika kichwa. Kumbe Uingereza mtu aki-flash wenzake ni yule anayefungua koti barabarani na ndani hana kitu, na polisi huitwa. Jamani. Mi nimewaambia hivyo wamama wangapi, na tabasamu juu. Akaniongezea na ya "sorry", kwamba mgeni akijikwaa ngazini sisi twasema sorry kwa sababu kichwani tuna "pole", lakini yeye yuashangaa, umemsukuma? Pole haina mwenzake kwa Kizungu, waweza kusema "oh dear" ama "are you okay?" yatosha. Haya mawili, flash na sorry, kwenye misemo 400 hayamo, na ndo makosa yetu sisi haswa, kwa sababu ile pidiefu haikuandikwa ikimfikiria mtu wa huku.

Na hapo ndo lalamiko langu kubwa. Kozi nzima yakusukuma useme. Kila siku sharti upositi sentensi yenye msemo mpya la sivyo jina lako lawekwa orodha nyekundu. Basi grupu lajaa watu wazima wa Kisauni na Changamwe waandikiana "Bob's your uncle", yaani basi, mambo yameisha. Nami nikajitia, nikamwelekeza binti mmoja wa Kiingereza bwawani, pita baa, kata kushoto, and Bob's your uncle. Akacheka mpaka akashika ukuta, akaniambia hilo mara ya mwisho alilisikia kwa babu yake. Hakunikosea heshima, lakini nilijiona kama Mzungu aliyekuja Marikiti kununua nyanya za hamsini akamwambia muuzaji haba na haba hujaza kibaba. Kazi yangu mi ni kuelewa. Mgeni hanilipi niongee kama nimezaliwa Manchester, ataka akisema ana kiu nijue ana kiu, na kwa kuelewa hawakutupa zoezi hata moja. Sauti ya mgeni halisi hatukusikia wiki zote nane isipokuwa ya mwalimu akisoma taratiiibu.

Sai nasikiza "The English We Speak" ya BBC Learning English, ya bure, vipindi vya kama dakika tatu, msemo mmoja kwa kipindi. Nadaunlodi na waifai ya hoteli, asubuhi kwa feri naweka iyafoni, kutoka geti lishike mpaka tushuke upande wa pili nishasikia kimoja mara tatu. Nikiwa na shaka na msemo naingia YouGlish, wauandika yakuletea video watu tofauti wausema, na waweza kuchagua Uingereza ama Marekani. Pale ndo nimegundua watu huzila silabi, "I could murder" yatoka kama neno moja, ndo maana sikuisikia tea.

Nikiipa alama, tatu kwa tano, na mbili kati ya hizo tatu ni za yule dada. Kama mwenyewe wataka kujiunga waulize kwanza kama bado yuko, maana wiki ya saba alitoka kwa grupu usiku bila kuaga, na masomo yake mawili ya mwisho hayakuja. Niliomba nirudishiwe 700 za wiki hizo mbili. Tiki mbili za bluu, wiki ya tatu sasa, na jana wamenitumia tangazo la kozi ya pili, misemo 1,000, elfu nne na mia tano, lipa kabla ya Ijumaa upate pidiefu bure.