Kochi la mahameli: povu la sabuni au bekingi soda?

Kwa bei hazipishani sana. Povu hung'oa doa la chai au mchuzi. Bekingi soda huondoa harufu tu. Lakini Mombasa unyevu ndio adui. Masika moja niliosha kochi la mama, Tudor: siku tatu mto bado baridi ukiubonyeza, kisha ukanuka kuvu. Chota povu la juu tu kwa sponji, pangusa, washa feni. Jaribu kwanza nyuma, rangi isije ikachuja.

Unga wa bekingi soda ni kunyunyiza, kungoja nusu saa, kisha kufyonza kwa mashine.

Soma kibandiko cha kochi: herufi W, maji ruhusa; herufi S, maji marufuku.

Una watoto wadogo na upepo wa kutosha? Povu. Chumba hakipitishi hewa? Unga, hadi kaskazi.