Mawe ya tangi la maji ya chumvi Dodoma: yapi ununue, yapi uyaache

Katika tangi la samaki la maji ya chumvi (akwariamu), jiwe si pambo. Ndani ya vinyweleo vyake wanaishi bakteria wanaogeuza amonia, sumu inayotokana na uchafu wa samaki, kuwa naitraiti, kisha naitreti isiyo na madhara makubwa. Ukikosea jiwe, utahangaika na maji mwaka mzima.

Kwa tangi la lita 200 panga kununua kilo 12 hadi 20. Kilo 12 zinatosha kama jiwe ni jepesi na limejaa matundu. Ndiyo maana bei ya kilo peke yake hudanganya: jiwe zito la bei ya chini linakupa nafasi ndogo ya bakteria kuliko jiwe jepesi la bei ya juu. Kabla hujalipa, lishike mkononi ulipime uzito, kisha limwagie maji kidogo. Jiwe zuri hunywa maji papo hapo. Baya huyaacha yakiteleza hadi chini.

Nafasi ya kwanza: matumbawe ya kale yaliyochimbwa nchi kavu. Sehemu kubwa ya pwani yetu imekaa juu ya miamba ya matumbawe ya zamani, mawe yale yale yaliyojengewa Mji Mkongwe wa Zanzibar. Kwa mkazi wa Dodoma ndilo chaguo bora kabisa. Jiwe hili ni kavu, kwa hiyo linasafiri ndani ya kiroba kwenye buti la basi bila kufa kitu, na halikuletei mdudu yeyote. Dondoshea siki: likichemka mapovu, ni jiwe la chokaa, kama yalivyo matumbawe. Likatae jiwe lililotoka kwenye nyumba iliyobomolewa, maana plasta na rangi hazitoki zote hata ulisugue vipi.

Kasoro yake ni udongo na fosfeti (kirutubisho kinacholisha mwani) iliyojificha ndani. Safisha hivi. Sugua kwa brashi ngumu na maji ya bomba hadi maji yatoke meupe. Loweka saa 24 kwenye jiki, sehemu moja ya jiki kwa sehemu kumi za maji, uchome mabaki yote ya uozo. Suuza, badilisha maji mara tatu au nne, kisha yaanike juani hadi harufu ya klorini iishe kabisa. Kati ya Juni na Oktoba hewa ya Dodoma ni kavu, kazi hiyo inakwenda haraka. Usichanganye jiki na siki wala asidi yoyote, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini inayoumiza mapafu. Mwisho, loweka mawe kwenye maji ya chumvi yenye pampu na upime fosfeti kila wiki. Ikipanda, mwaga maji, weka mengine, rudia hadi itulie.

Nafasi ya pili: jiwe hai, yaani lenye bakteria na viumbe tayari, kutoka tangi la mfugaji mwingine. Kama mbegu halina mpinzani: kilo 1 au 2 zikiwekwa katikati ya mawe makavu huwaeneza bakteria kote. Kujaza tangi zima kwa jiwe hili ni gharama isiyo ya lazima, na unanunua pia wadudu wa mwenye tangi. Linuse. Jiwe zima hunukia bahari. Linalonuka yai viza limeshaanza kuoza. Kutoka Dar es Salaam, lifunge kwa magazeti yaliyoloweshwa maji ya chumvi, weka kwenye deli bila barafu. Si lazima lizame, ila lisikauke. Likifika, likae kwenye ndoo yenye maji ya chumvi, pampu na hita hadi amonia isome sifuri, hata kama itachukua wiki tatu.

Kuna onyo hapa ambalo halina mjadala. Baadhi ya mawe hai hubeba zoantidi, viumbe vidogo laini vya rangi kama vifungo vyenye ndevu pembeni. Baadhi yao wana palitoksini, sumu kali mno. Usichemshe jiwe hai, usilimwagie maji ya moto, usilisugue likiwa kavu. Mvuke na vumbi lake vimewahi kulaza watu hospitali. Vaa glavu na miwani.

Nafasi ya tatu: jiwe la saruji. Sehemu moja ya saruji kwa sehemu tatu au nne za makombe yaliyopondwa, na chumvi ya mawe itakayoyeyuka na kuacha matundu. Umbo unalipata upendavyo, lakini saruji mbichi hupandisha pH (kipimo cha asidi na alkali ya maji) hadi kuua samaki. Loweka wiki sita hadi nane ukibadilisha maji, na usiliingize tangini hadi pH ya maji yaliyokaa nalo siku mbili ishuke chini ya 8.5.

Nafasi ya nne: jiwe lililong'olewa baharini. Usinunue. Mwamba hai ni makazi na mazalia ya samaki, na Sheria ya Hifadhi za Bahari ya mwaka 1994 inalinda maeneo kama Mafia, Mbudya na Bongoyo. Zaidi ya hapo, viumbe hufia njiani na kukuletea amonia tupu.

Ya mwisho: itale ya vilima vya Dodoma. Haina vinyweleo, nzito, na inakandamiza kioo.

Mawe yakishaingia, maji yawe na gramu 35 za chumvi ya akwariamu kwa lita, joto nyuzi 25 hadi 27. Maji ya bomba ya hapa kwa sehemu kubwa yanatoka visima virefu vya Makutupora na yana madini mengi. Tumia yaliyochujwa kwa mashine ya RO, inayopitisha maji kwenye utando unaozuia madini. Kabla ya samaki, weka amonia hadi miligramu 2 kwa lita iwe chakula cha bakteria. Siku amonia na naitraiti zote zitakapofika sifuri ndani ya saa 24, ingiza samaki wa kwanza. Kwa kawaida ni wiki nne hadi sita.

Kila wiki pulizia mawe kwa bomba kubwa la sindano lisilo na sindano, kisha fyonza taka zilizoelea wakati unabadilisha asilimia 10 ya maji. Maji yanayokauka yarudishie kwa maji matamu, kwa kuwa chumvi haiondoki na mvuke. Mwani ukishika, toa jiwe ulisugue ndani ya ndoo ya maji uliyofyonza tangini, si chini ya bomba, kisha punguza chakula. Jiki kwenye jiwe linalofanya kazi huua bakteria wote. Ikilazimu, safisha theluthi moja tu, ungoje mwezi kabla ya nyingine. Umeme ukikatika, pampu ya hewa ya betri iwe karibu, kwani bila mzunguko wa maji samaki na bakteria wa kwenye jiwe hukosa oksijeni.