Kombi ya kulala niliyoikodi Nyali

Nianze na mwenye gari, maana ndiye aliyenichefua. Kombi yenyewe nitaifikia.

Ni ile Volkswagen ya zamani, ya mwaka 1974, imetiwa kitanda na jiko la gesi. Likizo ya mwezi wa nane tuliikodi, mimi, mume wangu na wanangu wawili, twende Tsavo tulale siku mbili tatu. Yule bwana alitukabidhi ufunguo, kisha akatumia robo saa nzima kutufundisha kufunga mapazia. Kuhusu injini alisema "iko nyuma". Basi.

Mariakani tukapita, Taru tukapita. Mackinnon Road tukasimama msikitini, kwenye kaburi la Sayyid Baghali Shah, tukasoma fatiha kama wasafiri wote wa kwetu. Tulipoondoka tu, taa nyekundu ya chaji ikawaka. Mume wangu akasema ni betri hiyo, itatufikisha Voi. Tukaenda. Hapa nikiri: tukaenda kama kilomita mbili, hadi mwanangu mdogo wa kiume kule nyuma akasema, "Mama, godoro lina moto."

Kwa asiyejua, kama nilivyokuwa sijui: injini ya kombi hizi haina rejeta. Hupozwa kwa hewa. Feni ya kuipoza na chaji, yaani jenereta ya betri, vinazungushwa na mkanda mmoja, kwa hivyo taa ile ikiwaka huenda mkanda umekatika, na injini inajichoma huku wewe unafikiria betri. Haya ni maneno ya dakika moja. Angeyasema badala ya mapazia!

Utingo wa lori akatuonea huruma, akashuka na mtungi wa maji. Akaenda mbele kutafuta boneti, hakuna. Akazunguka nyuma, akachungulia, akauliza rejeta iko wapi. Tukamwambia haina. Alituangalia kwa huruma zaidi, akatuachia maji tunywe.

Nikampigia simu mwenye gari. Nilimsalimia vizuri, wallahi, nikamweleza kwa upole. Alichojibu, nanukuu: "Bibi, gari langu halina ubaya. Ubaya ni wenye kuliendesha." Kisha akakata. Watoto wangu wanasikia, simu iko kwa spika. Nimeolewa miaka kumi na mbili na sijawahi kumwona mume wangu akinyamaza vile. Kilichoniuma zaidi ni kwamba nusu ya maneno yale yalikuwa kweli. Lakini mkanda wa akiba ulikuwa wapi? Tulifunua kila kiti. Tulipata mapazia mengine.

Msikodi kwake. Hilo ndilo lilikuwa neno langu la mwisho pale kando ya barabara, na malori yanatupulizia vumbi.

Akaja fundi kutoka Maungu, mzee wa makamo, juu ya bodaboda, amening'iniza mikanda mitatu begani. Kwanza alikataa kugusa kitu mpaka injini ipoe. Tukakaa saa nzima, tukala mahamri. Kisha akapachika bisibisi kwenye pengo la puli, lile gurudumu la mkanda, ili isizunguke, akafungua nati, puli ikaachana vipande viwili. Katikati mlikuwa na washa, vile viduara vya chuma, nyembamba kama sarafu. Mkanda wa kwanza mfupi, wa pili mpana, wa tatu ukakubali ila umelegea. Akatoa washa moja katikati, akaihamishia nje chini ya nati, akafunga tena. Mkanda ukakaza! Akaubonyeza kwa kidole gumba, akamwita mume wangu naye abonyeze. "Mzee, ukumbuke hivi unavyobonyea. Na taa ile ikiwaka, zima hapo hapo." Mkanda shilingi 800, kazi na nauli 700. Alitufundisha zaidi kuliko mwenye gari, na hakutukana mtu.

Sasa nisiwe mnafiki. Usiku ule, kambi ya Ndololo ndani ya lango la Voi, nililala usingizi ambao sijalala tangu nijifungue. Kitanda kiko juu ya injini, basi godoro lilibaki na vuguvugu hadi usiku wa manane. Alfajiri nikafungua pazia (naam, lile pazia), tembo wekundu kama matofali wanapita kimya, na chai ya tangawizi inachemka kwenye lile jiko la gesi. Nikasema moyoni, kumbe gari ni zuri. Nikafika hata kufikiria kumsamehe yule bwana. Kodini, nikasema, ila mchukue mkanda wenu.

Tukarudi Nyali. Akalizunguka gari, akapitisha kidole kwenye dirisha, akakitazama. Akakata shilingi 2,000 kwenye dipoziti yetu. Za nini? Za kufua mapazia, yana vumbi la Tsavo. Nikamwonyesha mkanda mpya nilioulipia, nikamwambia basi tutoane. Akacheka. Akasema mkanda si alioagiza yeye.

Narudisha maneno yangu yote ya alfajiri.

Mkanda uliokatika ninao, uko kwenye droo ya jikoni pamoja na mishumaa. Watoto wanauliza kila Ijumaa tutakwenda lini tena. Mwenye kombi nyingine ya kulala hapa Mombasa, hata kama ni kuukuu kuliko ile, aniambie. Mapazia si lazima.