Mtoto kachomwa na msumari: spiriti au maji na sabuni?

Juzi wa kwangu kakanyaga msumari uani, katundu kadogo tu kwenye kisigino na damu kidogo, bibi yake akasema mmwagie spiriti haraka, mi nikambeba mpaka bombani. Spiriti inaua vijidudu kweli, ila inaunguza nyama mbichi, kidonda kinachelewa kupona, halafu mtoto akishasikia ule moto siku nyingine akiumia anakuficha, na hilo ndo baya zaidi. Maji yanayotiririka na sabuni ya kipande, dakika 5 hadi 10, yanatoa uchafu wenyewe na hayaunguzi vile. Mi maji kabisa.

Ila jamani hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachozuia pepopunda, vijidudu vyake vinapenda tundu refu lisiloingia hewa, kinga ni chanjo. Angalieni kadi ya kliniki, kama kidonda ni kichafu na chanjo ya mwisho imepita miaka 5 au hamkumbuki, mpelekeni. Na kama kuna kitu kimebaki ndani, au msumari umetoboa kiatu ukazama, au panavimba na kutoa usaha, msikae nyumbani mkisubiri.