Tumekupa mji, tegua!

Nimekaa siku kadhaa nisiandike, nikisema acha hasira ipoe kwanza. Haikupoa. Basi nawaeleza habari ya mfululizo wa Clue na duka lililoniuzia, kama ilivyokuwa.

Likizo ya shule ilipoanza nilikwenda kwenye duka moja la muvi hapa Lamu kuwatafutia watoto kitu cha kuangalia usiku. Nilikuwa nimechoshwa na zile za ngumi na mateke mwanzo hadi mwisho. Nikauliza kama wana chochote cha upelelezi kinachofaa watoto, nikawekewa kwenye flashi mfululizo wa Marekani unaoitwa Clue, wa mwaka 2011, sehemu tano tu. Ni vijana sita wanaoshuhudia uhalifu kisha wanashirikiana kumtafuta aliyehusika. Umetokana na mchezo wa ubao wenye jina hilo hilo, ule ambao Waingereza wanauita Cluedo. Nikalipa shilingi mia mbili, sikuomba hata kupunguziwa.

Watoto walikuwa wanne. Mkubwa wao ni mtoto wa kaka yangu, ana miaka tisa, alikuja kwetu kutoka Mokowe. Filamu yenyewe ni Kiingereza cha haraka na haina DJ wa kutafsiri, kwa hiyo mtafsiri nilikuwa mimi. Jina tu lilinipa kazi. Nikisema "dalili", wadogo wanadhani kuna mgonjwa. Nikisema "kidokezo", wananitazama tu. Mwisho nikawaambia: hiki ni kitendawili, ila ni kirefu. Hapo wakanielewa. Kuanzia usiku huo kila nikibonyeza kuanza walikuwa wanapiga kelele pamoja, "Tega!"

Na wallahi nilifurahi. Sijawahi kuona watoto hawa wakitazama kitu kwa namna ile. Huyu wa kaka yangu alichana karatasi katikati ya daftari lake la hesabu, akapiga mistari kwa rula, akaandika majina ya wote aliowashuku, kila mmoja kwa rangi yake ya penseli. Mtu akisema uongo anamwekea nukta. Akithibitika hana makosa anamkata kwa mstari mmoja mwembamba, si kwa kufutafuta, kwa sababu, aliniambia, "Huenda tukamrudia, shangazi." Nyota tano ningewapa usiku ule ule, bila kufikiri mara mbili.

Usiku wa sehemu ya tano tulikula mapema. Watoto walikwisha kukoga, kompyuta iko juu ya stuli, karatasi iko kwenye mapaja. Tumefika mahali ambapo kila kitu kinakaribia kuwekwa wazi, picha ikaganda. Msichana mdomo wazi, mkono juu, kimya. Nikasogeza mbele, ikazima. Nikafungua upya, ikaganda pale pale. Nikazima kompyuta nzima na kuiwasha tena, ikaniandikia kwamba faili limeharibika. Mdogo akaanza kulia. Huyu mkubwa hakulia. Aliniuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Shangazi, si tumeshampa mji? Mbona hategui?"

Nani alilelewa pwani hii asijue kanuni hiyo? Ukishindwa na kitendawili unampa aliyetega mji. Ukimpa Mombasa, haya, akaenda Mombasa, akala, akanywa, akastarehe. Lakini akishaupokea mji lazima ategue. Hata bibi mwenye usingizi wake hawezi kuchukua mji akalala nao.

Asubuhi tukaenda dukani pamoja, mimi na yeye, na karatasi yake ameikunja vizuri mkononi. Nilitaka kitu kimoja tu, niwekewe ile sehemu ya tano nzima. Kijana aliyekuwapo hakuitikia salamu. Alikuwa na simu yake. Nikamweleza. Akasema flashi yangu ndiyo mbovu. Nikamwambia sehemu nne zinacheza vizuri, iweje ubovu uchague ya tano? Akasema, "Mama, hiyo ni ya watoto, kwani ni lazima muione?" Nikamwambia ndiyo, ni lazima, na huyu hapa ndiye mwenyewe anayeisubiri. Ndipo akainua macho, akamtazama mtoto, akasema, "Adui ni fulani. Haya, mmeshajua." Akarudi kwenye simu yake.

Jina alilolitaja silitaji hapa. Mimi sitamfanyia mtoto wa mtu mwingine kama alivyofanyiwa huyu wangu.

Mtoto hakusema kitu. Alikunja karatasi ile mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, mpaka ikawa ndogo kama hirizi, akaitia mfukoni. Tulitembea usita wote wa mui, ile njia kuu ya mji, hadi nyumbani, punda wanatupita, hajafungua mdomo. Nimewahi kudhulumiwa pesa nyingi zaidi ya mia mbili na nikasamehe. Hii sijui nitaisamehe lini. Usiku minne ya akili ya mtoto, kijana yule aliimaliza kwa neno moja.

Siku zilizofuata hasira zangu zilihama, zikawaendea waliotengeneza filamu yenyewe. Mtanisamehe mlioipenda, lakini nimelifikiria sana. Ule mchezo wa ubao hauharibiki kwa mdomo wa mtu. Una watu sita, silaha sita na vyumba tisa, kila kimoja kwenye karatasi yake. Unachomoa karatasi moja ya kila aina bila kuitazama, unazifungia kwenye bahasha, na jibu liko humo. Zidisha mwenyewe: majibu 324. Leo ni huyu, kwa kamba, jikoni. Kesho ni mwingine kabisa. Hakuna muuza duka duniani anayeweza kukwambia jibu, kwa sababu hata aliyeubuni alikuwa halijui. Aliyeubuni ni Anthony Pratt, mpiga muziki wa Birmingham, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na mkewe Elva ndiye aliyeuchora ubao. Watu wawili nyumbani kwao walitengeneza fumbo lisilochakaa tangu lilipoanza kuuzwa mwaka 1949. Halafu watu wa televisheni wanalichukua, wanalipa jibu moja tu, na jibu moja linaibiwa na yeyote. Kwa hiyo nikasema basi, nyota mbili. Nunueni ubao, achaneni na filamu.

Nilikuwa nimeshaamua hivyo. Kisha Ijumaa moja baada ya chakula nikawasikia watoto wako kwa mama, orofani, wanabishana. Walikuwa wamekata boksi la biskuti wakatengeneza karatasi zao. Mkubwa alikuwa amewaeleza mchezo kama nilivyomweleza mimi. Ubao wao ni nyumba ile ile ya mama: daka la mlangoni, tekani ya kuingilia, kiwanda (ua wa ndani), msana wa tini na msana wa yuu (kumbi mbili ndefu), ndani, nyumba kati, choo na jiko. Tisa kamili, bila kulazimisha. Mama akasikia nyumba kati imetajwa, akawakataza. Mahali palipokuwa pakiwekwa maiti wa nyumba pasiingizwe kwenye mchezo wa mauaji. Wakaitoa bila ubishi, wakaweka dari. Silaha zao ni mchi, kasia, nanga, kamba, kisu cha samaki na mbuzi ya kukunia nazi.

Lililonishika ni njia za siri. Kwenye ubao wa Waingereza vyumba vya pembeni vina njia ya siri, unaingia chumba hiki unatokea kile cha mbali. Hawa wangu hawakuhitaji kuambiwa. Walichora wikio. Lile daraja la juu linalovuka kichochoro kutoka nyumba ya mama kwenda ya jirani, walilopita wanawake wa zamani bila kushuka njiani. Katika mchezo wao aliyefanya uovu anatokea nyumba ya pili na mlangoni hakuna aliyemwona.

Sasa niseme nini? Bila ule mfululizo, boksi lile la biskuti lingetupwa. Nazirudisha nyota. Nne. Waonyesheni watoto wenu, mkae nao na karatasi, muwatafsirie. Ila kabla hamjalipa popote, ifungueni sehemu ya tano pale pale dukani na muipeleke mpaka dakika ya mwisho. Na duka lile halipati hata moja kutoka kwangu, hata lije kuniomba radhi na flashi mpya.

Shemeji yangu wa Malindi ametuletea nakala nyingine. Nimeijaribu mwanzo na mwisho sauti ikiwa imezimwa na macho yangu nimeyageuza, nione tu kama inacheza. Inacheza. Imekaa kwenye kidaka cha ukutani. Nilidhani mtoto hataitaka tena. Jana akaja jikoni nikiwa nakuna nazi, ameikunjua ile karatasi, mikunjo imebaki na rangi zimefifia kidogo, akaniuliza, "Shangazi, na kama yule kijana alikuwa hajaiona? Kama alisema tu?"

Sijui, nikamwambia. Na mimi sijaiona. Ameshika penseli tangu alasiri, na isha bado.