Wakaguzi wa hatari za mitambo: wanafaa, ila waiteni na usiku

Nilidhani watavaa kofia ngumu, watupige picha, watundike bango la usalama kisha warudi Unguja kwa boti. Kumbe sivyo.

Kiwanda chetu ni kidogo, huku Wete, Pemba. Tunapika makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, na majani ya mkarafuu kwa mvuke ili kupata mafuta, na kazi yangu ni kupokea mafuta mwisho wa mtambo. Mchoro wa mabomba hatuna. Kiongozi wao, kijana tuliyeishia kumwita maalim, akashika chaki, akalifuata bomba hatua kwa hatua pamoja na wachochea moto, akachora ukutani: boila, tangi la kupikia, kondensa (inayopoza mvuke uwe maji), tangi la kutenganishia mafuta na maji. Kila kipande akakiuliza yaleyale. Kisipopita kitu? Kikizidi? Kikipungua? Kikirudi nyuma? Njia hiyo inaitwa HAZOP, ilianzia katika viwanda vya kemikali vya kampuni ya ICI, Uingereza, miaka ya 1960. Mimi nikajisemea, haya ni ya wenye mitambo mikubwa.

Tukafika kondensa. Maji ya kupoza yasipopita? Mkurugenzi akawahi: pampu ni mpya. Mzee wetu wa boila, ambaye hata salamu huitikia kwa kichwa, akasema: "Umeme ukikatika pampu inasimama. Moto wangu hausimami." Umeme wa Pemba unapita chini ya bahari kutoka Tanga tangu 2010, na kukatika hukatika. Hapo mvuke usiopozwa, pamoja na mafuta yake, unatoka palepale ninapokaa mimi. Wakashauri tangi la maji juu ya mnara, yashuke yenyewe pampu ikizima. Mkurugenzi aliandika bila kubisha, jambo la nadra.

Swali la kurudi nyuma ndilo sikulitegemea kabisa. Boila ikipoa, mvuke uliomo hugeuka maji, ndani panabaki ombwe, yaani utupu usio na hewa, nalo huweza kuvuta uchafu wa tangi la kupikia mpaka kwenye boila. Dawa yake ni vali ya njia moja, nasi hatukuwa nayo. Na maji ya boila yakishuka hata hayaonekani kwenye kioo cha kuonyesha kina chake, usikimbilie kujaza maji baridi: chuma kilichopata moto kupita kiasi hugeuza maji mvuke ghafla, boila linaweza kupasuka. Toa moto kwanza. Mzee alilijua, vijana wawili wa zamu, wallahi, walikuwa wakifikiria ndoo. Vali ya usalama, ile inayotoa mvuke ukizidi, yenyewe ilikuwa nzima, ila mdomo wake umeelekea njia ya kuni, usawa wa uso wa mtu.

Yasiyonifurahisha: ripoti yao ni jedwali refu lisilo na mpangilio, sakafu yenye utelezi imeandikwa sawasawa na boila kukosa maji. Sisi wenyewe tukakaa kupanga kipi kitangulie, na hiyo ndiyo kazi tuliyowalipa. Bei nayo ni ya viwanda vikubwa, nusu wanaitaka mkononi kabla hawajapanda boti. Na zamu ya usiku hawakuiona, wakati usiku boila lina mtu mmoja tu, naye huenda kula.

Nawapa nyota nne. Ukiwaita, mkubaliane mapema juu ya usiku na mpangilio wa ripoti, na bosi mtafutieni safari ya Chake asubuhi ile ya kwanza, ili wachochea moto waseme.