Mirija ya Cary-Blair: dawa ya safari ndefu, ila msiitie barafu

Sampuli ya kipindupindu kutoka Mfangano, kisiwa cha Kenya katika Ziwa Victoria, hupanda boti hadi Mbita, ikavuka kwa feri hadi Luanda Kotieno, kisha ikaingia matatu ya Kisumu. Kinyesi kilichotiwa kwenye kikopo kitupu hakihimili safari hiyo. Kinahitaji kufika maabara ndani ya saa 2 hivi, la sivyo bakteria wengine wanawazidi nguvu vibrio, yaani bakteria wa kipindupindu, na hakuna cha kuotesha. Kwa vituo vya namna hiyo, mrija wa Cary-Blair, wenye jeli ya kuhifadhi sampuli njiani, hauna mpinzani kwa urahisi wake: vibrio hukaa hai humo hadi siku 7 bila umeme.

Jeli yenyewe haina chakula, na hapo ndipo ubora wake ulipo. Fomula waliyoichapisha Cary na Blair mwaka 1964 ni chumvi, fosfeti, thioglikoleti na agari kidogo ya kuifanya iwe tepetepe. Bakteria hawapati cha kuwafanya wazaane. Tena pH yake ni kama 8.4, yaani ina alkali, hali ambayo vibrio anaimudu kuliko majirani zake wengi wa tumboni.

Lawama ya kwanza si ya mrija, ni yetu. Tumezoea chanjo, basi kila kitu cha maabara kinaingizwa kwenye kibebeo chenye barafu. Vibrio hapendi baridi. Mrija wa kipindupindu usafiri katika joto la kawaida, kivulini, mbali na dashibodi ya gari inayochomwa na jua la Kisumu. Shigella, bakteria wa kuhara damu, ni kinyume chake, hiyo inataka ubaridi. Mgonjwa akiwa na dalili zinazokutia shaka ya yote mawili, chukua mirija miwili na uitenge.

Aina mbili ndizo utakazoziona. Ile ya kimiminika, yenye kijiti chake ndani ya pakiti, ni nzuri pale maabara inapotaka kufyonza sampuli kwa pipeti, lakini kifuniko kikilegea kidogo imemwagika. Kwa boda na boti chagua jeli. Kabla ya kununua boksi zima, fungua pakiti moja uvunje kijiti. Chenye alama ya kuvunjia hukatika chini ya mdomo wa mrija. Cha mbao kisicho na alama hukatika vibaya, kipande kinabaki kirefu, kifuniko hakikazi, na jeli inaishia kwenye mfuko wa fomu. Kwa kasoro hiyo tu boksi linafaa kurudishwa dukani.

Poda ya kujitengenezea ni nafuu kwa maabara yenye mizani na kipimo cha pH. Ipikwe kwa mvuke wa nyuzi 100 kwa dakika 15, isitiwe kwenye otoklevu (chombo cha mvuke wa shinikizo). Jeli iliyo tayari hukaa kabatini hata mwaka mzima, mradi haijakauka, haijapungua, haijabadilika rangi. Ikijitenga na ukuta wa mrija, itupe.

Sampuli ichukuliwe kabla ya antibiotiki ya doksisaiklini, lakini kumpa mgonjwa maji kusisubiri sampuli. Lowesha pamba ya kijiti kwenye jeli, iingize sentimita 2 hadi 3 kwenye njia ya haja kubwa, izungushe polepole, itoe uitazame. Pamba ikitoka nyeupe hujapata kitu, rudia. Izamishe hadi chini kabisa, maana pamba inayoning'inia juu ya jeli hukauka. Ukichota kutoka kwenye ndoo ya kitanda cha kipindupindu, ulizia kwanza kama ilitiwa klorini. Ndoo yenye mabaki ya klorini hutoa jibu la "hakuna" hata kwa mgonjwa anayeharisha maji kama yaliyooshea mchele, na kosa hilo halionekani popote kwenye fomu.

Huna haja ya kumpima kila aliyelazwa. Kuthibitisha mlipuko, sampuli 5 hadi 10 nzuri zinatosha kuanzia. Maabara itazilisha kwenye maji ya peptoni yenye alkali kwa saa 6 hadi 8, kisha kwenye agari ya TCBS, ya kuoteshea vibrio, usiku kucha, ambako vibrio wa kipindupindu huota madoa ya njano. Mtafiti anayetaka kusoma jenomu au usugu wa dawa anaanzia kwenye madoa hayo. Sampuli iliyokufia njiani haitampa bakteria wa kujaribia dawa, hata mashine yake iwe ghali vipi.

Kasoro ya mwisho ni karatasi ya lebo inayokuja na mirija mingi. Mrija hupanguswa nje kwa klorini ya asilimia 0.5 kabla ya kufungwa, na wino wa kalamu unafifia palepale. Andika kwa penseli: jina, tarehe, saa. Kisha pamba ya kufyonza, mfuko unaofungika, kopo gumu, na fomu ikae nje ya mfuko.